Udongo, Unga na Majani: Historia ya Kazi za Mikono za Msimu wa Taa



Katika chapisho la maadhimisho kama hili, ni desturi kuandika habari za waasisi, za jengo na za wafadhili, na ni haki yao kukumbukwa. Makala haya yamechagua njia nyembamba zaidi. Yanahusu vitu ambavyo havikuwekewa jiwe la msingi wala kuandikwa katika daftari la michango: taa ya udongo inayoenea kiganjani, nakshi ya unga mbele ya kizingiti, ugwe wa majani juu ya mlango. Ni vitu vya gharama ndogo. Hutengenezwa na watoto pamoja na watu wazima, na vingi havidumu hata wiki mbili. Hata hivyo, tukiifuatilia historia yake, tutaona kwamba vitu hivi vimeibeba sikukuu yetu mahali ambapo jengo lisingeweza kufika.

Msimu mmoja, pwani mbili

Sikukuu zetu kubwa hufuata mwezi. Navaratri, yaani usiku tisa wa Mama wa Ulimwengu, huanza katika mwezi wa Ashvin, ambao huangukia Septemba au Oktoba. Siku ya kumi ni Vijayadashami. Siku ishirini hivi baadaye, katika usiku usio na mwezi, huja Diwali, na kwa Wagujarati mwaka mpya wa kalenda ya Vikram Samvat hufuata mara baada ya hapo.

Nchini India majira hayo huitwa Sharad. Mvua za masika makuu zimekwisha, anga limetakata, na mavuno yameanza kuingia ghalani. Kuta na sakafu za udongo zilizoharibiwa na mvua zilihitaji kukandikwa upya, na ukuta mpya ulitaka pambo. Udongo wa kandokando ya mabwawa ulikuwa laini, mchele mpya ulikuwa umepatikana, na mashamba ya pamba yalikuwa yakianza kufunguka. Kwa hiyo kazi za mikono za msimu huu hazikuwa rahisi kwa bahati tu. Zilikuwa rahisi kwa sababu kila kilichohitajiwa kilikuwa tayari uani au shambani, kwa maskini na kwa tajiri.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki mambo yamegeuka. Vitabu vya shule hutumia neno vuli kwa majira yanayofuata kiangazi katika nchi za kaskazini. Lakini kwa mtu wa pwani vuli ni mvua fupi, ambazo huanza takriban Oktoba. Huko India taa ziliwashwa mvua zikiwa zimeondoka. Huku zilipaswa kuwashwa mvua zikiwa njiani. Ndiyo maana katika miji yetu taa nyingi zilihamia chini ya paa la baraza, na nakshi ya unga ikasogezwa ndani ya kizingiti. Sikukuu ilijifunza hali ya hewa ya mwenyeji wake.

Taa iliyo ndogo kuliko zote

Jina Dipavali maana yake ni safu ya taa. Taa yenyewe, diya, ni kibakuli cha udongo uliochomwa, chenye mdomo uliofinywa upande mmoja ili kulaza utambi. Kwa vizazi vingi imetengenezwa na wafinyanzi wanaoitwa Kumbhar, ambao wengi hujiita pia Prajapati, jina ambalo katika maandiko ni la Muumba mwenyewe. Kuna fundisho katika jina hilo: afinyangaye udongo anashiriki, kwa kiasi chake, kazi ya uumbaji. Katika mtaa wa Dharavi mjini Mumbai kuna makazi ya wafinyanzi, Kumbharwada, ambayo wakazi wake wana asili ya Saurashtra, na mpaka leo hufinyanga taa nyingi mno kabla ya Diwali.

Mtoto haihitaji gurudumu la mfinyanzi. Donge la udongo lenye ukubwa wa ndimu huviringwa kiganjani, hubonyezwa katikati kwa kidole gumba, kisha mdomo hufinywa kwa vidole viwili. Hukaushwa kivulini siku mbili au tatu ili usipasuke. Panapokosekana udongo, unga wa ngano uliokandwa kwa maji kidogo hutosha, na taa ya namna hiyo imekuwa ikitumika katika ibada za nyumbani tangu zamani. Utambi husokotwa kwa pamba: mrefu kwa taa ya mafuta, na wenye umbo la ua linalosimama kwa taa ya samli. Wenye taa za udongo uliochomwa huziloweka kwanza majini kwa saa chache, ili zisinywe mafuta. Na jambo moja lisisahauliwe: kiberiti ni cha mtu mzima, taa huwekwa juu ya sahani au mchanga, na vitambaa vyepesi vikae mbali.

Chungu chenye matundu

Katika Navaratri ya Gujarat, katikati ya duara la wachezaji huwekwa chungu kilichotobolewa matundu, ndani yake mna taa. Chungu hicho huitwa garbo, neno litokanalo na garbha la Kisanskriti, yaani tumbo la uzazi. Mwanga ulio ndani ni uhai; wachezaji wanaouzunguka ni maisha yanayozaliwa, yanayokwenda na kurudi. Ngoma ya garba, iliyopata jina lake kutokana na chungu hicho, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2023. Watu wengi waliifurahia habari hiyo, lakini ni vijana wachache waliojua kwamba ngoma hiyo mashuhuri imebeba jina la chombo cha udongo.

Nyumbani, kopo tupu la bati hufanya kazi hiyo vizuri. Mtu mzima hulijaza mchanga mbichi na kuushindilia, ili bati lisibonyee, kisha hutoboa matundu kwa msumari na nyundo akifuata nakshi ambayo mtoto ameichora kwanza kwa kalamu. Mchanga ukimwagwa na taa ikiwekwa ndani, ukuta mzima hujaa nyota.

Katika siku hizohizo tisa, nyumba nyingi hupanda shayiri au ngano katika bakuli la udongo siku ya kwanza. Kufikia siku ya tisa machipukizi huwa yamefika urefu wa kidole au zaidi. Kwa mtoto, hilo ni somo la ibada na la kilimo kwa pamoja, na gharama yake ni konzi moja ya nafaka.

Nakshi ya unga

Nakshi ya mlangoni ina majina mengi: rangoli huko Maharashtra, sathiya kwa Wagujarati wengi, kolam kwa Watamili, muggu huko Andhra, alpana huko Bengal, mandana huko Rajasthan. Neno la Kiswahili rangi na neno la Kihindi rang ni ndugu, hivyo jirani asiyejua Kihindi ameshaijua nusu ya jina la rangoli.

Kolam ya asili huchorwa kwa unga wa mchele. Huondoka kidogo kidogo kwa miguu ya wapitao, kwa upepo, na kwa midomo ya sisimizi na ndege. Wenyewe husema kwamba kabla mwenye nyumba hajala, viumbe wadogo wamekwisha kulishwa. Wanawake huanza kwa vitone vilivyopangwa kwa mistari, kisha huvizungusha kwa mstari mmoja unaorudi ulikoanzia. Mwaka 1974 wanahisabati wa Madras, Gift Siromoney na Rani Siromoney pamoja na Kamala Krithivasan, walichapisha utafiti uliotumia nakshi hizo katika nadharia ya lugha za kompyuta. Akina mama wasioketi darasani walikuwa wakifuata kanuni ambazo maprofesa walizihitaji.

Kwa anayeanza, vitone vipangwe hivi: kimoja, vitatu, vitano, vitatu, kimoja. Hilo ni umbo la almasi ambalo mtoto wa miaka sita anaweza kuliunganisha. Unga wa mchele ni mweupe. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya dhahabu. Choroko, dengu na kunde hujaza sehemu zilizobaki, na kesho yake hukusanywa, zikaoshwa na kupikwa.

Majani, maua na karatasi

Toran ni ugwe wa majani unaotundikwa juu ya mlango. Huko Gujarat hutumika majani ya asopalav na ya mwembe. Mwembe umeenea katika pwani yetu kiasi kwamba hatukuwahi kukosa majani, na mara nyingi mti wenyewe ulikuwa wa jirani. Mwandishi wa makala haya alikulia katika mtaa ambao mwembe ulikuwa katika ua wa mzee mmoja Mwislamu. Kila mwaka, pasipo kuombwa, mzee huyo alikuwa akimtuma mjukuu wake alete tita la majani asubuhi ya Dhanteras. Sahani ya peremende ilirudi kwake siku ya mwaka mpya, na siku ya Idi sahani hiyohiyo ilikuja kwetu na vyakula vyake. Hatukuwahi kuliita jambo hilo ujirani mwema. Lilikuwa ni majani tu, na sahani.

Katikati ya majani hutungwa maua ya rangi ya machungwa ambayo Wagujarati huyaita galgota. Wengi huyaona kuwa ni maua ya India tangu milele. Kwa kweli asili yake ni bara la Amerika, na yalifika India baada ya Wareno kufungua njia za bahari. Leo hakuna sikukuu isiyokuwa nayo. Basi anayedhani kwamba mila haipokei kitu kigeni na alitazame ua hilo. Nao majirani zetu wa Lamu, Mombasa na Unguja, ambao tangu zamani hutunga asumini na kufunga vikuba, hawahitaji kufundishwa kushika sindano na uzi. Wao wanaweza kutufundisha sisi.

Huko Maharashtra hutundikwa akash kandil, taa ya karatasi na vijiti vya mianzi. Neno hilo kandil, lenye asili ya Kiarabu, ndilo kandili letu la Kiswahili. Mtoto hukunja karatasi ya rangi mara mbili kwa urefu, huikata mistari kuanzia penye mkunjo bila kufika ukingoni, huifungua na kuigundisha iwe duara. Ndani yake kisiwekwe moto kamwe. Taa ndogo ya betri inatosha.

Kazi ambazo watoto ndio wakubwa

Zipo kazi ambazo mila yenyewe imewapa watoto uongozi. Huko Maharashtra, watoto hujenga ngome za udongo, mawe na magunia nje ya nyumba zao wakati wa Diwali, kwa kumbukumbu ya ngome za Shivaji, aliyetawazwa kuwa mfalme huko Raigad mwaka 1674. Hupanda mbegu juu ya mlima wa udongo ili uwe na majani, na kuweka askari wadogo malangoni. Huko Punjab na Haryana, wasichana hubandika ukutani sura ya mungu wa kike Sanjhi kwa vipande vya udongo vyenye maumbo ya nyota na mwezi, kisha huipeleka majini Navaratri inapokwisha. Huko Tamil Nadu, Karnataka na Andhra, familia hupanga wanasesere juu ya ngazi zenye hesabu witiri, tatu, tano, saba au tisa, na ni desturi kuongeza mwanasesere mpya kila mwaka. Masanduku na vitabu vilivyofunikwa kwa shuka hufanya ngazi nzuri.

Kuvuka bahari

Majahazi ya Kutch na Kathiawar yalifika pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, ambao huanza kuvuma Novemba au Desemba. Katika karne ya 19, kampuni ya Jairam Shivji, ya Wabhatia kutoka Kutch, ilikusanya ushuru wa forodha Unguja kwa niaba ya Sultani kwa miaka mingi. Wafanyabiashara hawa walikuwa na fedha, na Diwali hapa ilikuwa siku ya kufungua daftari jipya la hesabu. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ile Wahindu wengi waliwaacha wake na watoto wao nyumbani. Sikukuu ya daftari ilikuwapo. Ya kizingiti ilikuwa bado.

Wanawake na watoto walipoanza kuja kwa wingi, kuelekea mwisho wa karne ya 19 na kuingia ya 20, ndipo unga ulipomwagwa mlangoni na utambi ukasokotwa kiganjani. Reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi kufika Kisumu mwaka 1901, ilileta wafanyakazi takriban 32,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliofuata njia ya reli, walifungua maduka katika miji midogo isiyokuwa na hekalu wala kuhani. Katika miji ya namna hiyo, taa ya dirishani na nakshi ya mlangoni ndizo zilizokuwa hekalu. Ni vema tukumbuke hilo katika maadhimisho haya: kabla ya jengo tulilo nalo, ilikuwapo mikono.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1972. Mwezi Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na muda ulikoma tarehe 8 Novemba. Diwali ya mwaka ule iliangukia wiki ya kwanza ya Novemba. Kwa waliokuwa bado Kampala au Jinja, usiku wa taa ulikuwa miongoni mwa usiku wao wa mwisho katika nchi waliyozaliwa. Kwa waliotangulia, ulikuwa usiku wa baridi katika kambi za zamani za kijeshi za Uingereza. Watu takriban 28,000 walifika huko, wakiwa na masanduku machache na fedha kidogo sana. Maduka, nyumba na mahekalu vilibaki nyuma. Kilichoweza kuvuka bila kuandikwa na afisa wa forodha ni ujuzi wa vidole: namna ya kusokota utambi, namna ya kupanga vitone. Leo barabara ya Belgrave mjini Leicester hukusanya moja ya mikusanyiko mikubwa ya Diwali nje ya India, katika mji ambao baraza lake lilitangaza gazetini Uganda mwaka ule kuwasihi wasije. Miaka ya baadaye baadhi yao walirudi Uganda, na taa zikawashwa tena huko pia.

Udongo uwahi ungali maji

Tumeieleza historia hii kwa sababu iko hatarini, na hatari yenyewe haina kelele. Hakuna anayetukataza. Toran ya plastiki hununuliwa mara moja na kutundikwa miaka kumi. Rangoli huja ikiwa karatasi ya kubandika. Taa za umeme hujiwasha zenyewe. Vyote hivyo vinapendeza, na hatumlaumu mama anayerudi kazini usiku akavitumia. Lakini tufahamu tunachokipunguza. Kitu kinachodumu miaka kumi hakimlazimu mtu kumfundisha mtoto. Taa ya udongo huvunjika, unga hufagiwa, majani hunyauka, na kwa sababu hiyo kila mwaka bibi na mjukuu walilazimika kuketi tena sakafuni. Udhaifu wa vitu hivi ndio uliokuwa nguvu ya mila.

Katika jumuiya yetu, wanaojua kuchora nakshi ya vitone bila kutazama kitabu sasa ni wazee. Kila Diwali inayopita bila wao kuketi na mtoto ni somo lililofutwa. Kwa hiyo tunatoa rai hii: Jumapili moja kabla ya Navaratri, uwanja wa hekalu uachwe kwa udongo, unga na majani. Kila mzee akae na watoto wawili. Majirani zetu waalikwe, si kutazama tu bali kufanya: wajuao kufinyanga watufundishe kuuandaa udongo wa hapa, wajuao kutunga asumini waongoze uzi, nao watoto wao waondoke na taa walizozifinya wenyewe. Gharama yake haitafika hata ya karamu ndogo.

Waswahili wamesema, udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo huhusu malezi ya mtoto, nayo hutufaa mara mbili, kwa mtoto na kwa udongo wenyewe.

Tunawatakia wote Navaratri njema, Diwali yenye nuru, na mwaka mpya wa heri na afya. Shubh Dipavali.